Mama Aliyeingia Kila Mahali

Watu wa sokoni wakiniuliza kazi yangu, huwa nasema natengeneza kompyuta. Ni uongo mdogo unaookoa muda. Kazi yenyewe ni kukusanya habari za mashine: nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi, amekosea neno la siri mara ngapi. Mashine nyingine ziko chini ya meza zetu hapa Nchelenge, zinakula vumbi la chisense, wale samaki wadogo wakavu ambao harufu yao haitoki hata ufue shati kwa petroli. Nyingine ziko kwenye wingu, maana yake tumezikodi mahali pengine kabisa, hakuna kati yetu aliyewahi kuziona, na tunazilipia kila mwezi kama nyumba ya kupanga. Zote, za chini ya meza na za kwenye wingu, zinaandika kimya kimya kila mtu anayeingia. Mimi nachukua maandishi hayo na kuyaweka pamoja ili mtu ayasome. Huyo mtu pia ni mimi.

Kampuni yetu inanunua samaki. Ina vituo kando ya ziwa, Nchelenge, Mununga na Chienge. Samaki wakishapimwa, karani anaandika kwenye mashine, mashine inatoa karatasi, lori la barafu linaondoka. Bila karatasi lori haliendi popote, kwa sababu kwenye vizuizi vya barabarani wanataka kuona karatasi kuliko wanavyotaka kuona samaki.

Kabla yangu kila mashine ilijilinda yenyewe, yaani haikulindwa. Halafu wakopeshaji wa kampuni wakasema wanataka ulinzi wa kisasa, na shefu wa Lusaka akakubali siku hiyo hiyo, maana si yeye aliyepaswa kuuweka. Nikazunguka na mkoba wangu. Mununga nilikuta mashine imefunikwa kitenge na juu ya kitenge kuna sufuria. Chienge intaneti ilikuwa inakuja na kwenda, kwa hiyo nikaiambia programu yangu iziweke habari hapo hapo na izitume mtandao ukirudi. Nilijisifu kidogo kwa hilo. Hakuna mwingine aliyenisifu.

Siku ambayo habari za vituo vyote na za wingu zilifika pamoja kwa mara ya kwanza, nilijimiminia chai, nikafungua ukurasa. Chai ilipoa bila kuguswa. Karani wetu wa mizani hapa Nchelenge, mama mmoja mtulivu, alikuwa ameingia kwenye mashine ya Nchelenge. Alikuwa ameingia pia Mununga. Alikuwa ameingia Chienge. Na kwenye wingu alikuwa ameingia kutoka Lusaka, asubuhi ile ile, wakati mimi namwona kwa dirisha anabishana na mvuvi juu ya uzito wa kikapu.

Kila mashine peke yake haikuona ajabu. Kwa mashine ya Mununga, karani amefika kazini, vizuri. Ni pale nilipoziweka pamoja ndipo mama wa watu akawa anatembea ziwa zima kwa wakati mmoja.

Sikuhitaji kufikiri sana. Huyo mama alivuka ziwa kwa mtumbwi na watoto wake, wakati wa vita vya kwao Kongo, akapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani kama wengine, akabaki upande huu. Mume hakufika. Mshahara wa mizani ndio unaolisha watoto wake na watoto wa marehemu dada yake, na hana kingine. Kwenye mstari wa nyumba anakokaa, watu wakienda ziwani au shambani wanaacha funguo zao kwake. Ndivyo wanavyoishi pale. Mlango mmoja unashika funguo za milango yote, na anayeshika hasemi nani alirudi saa ngapi, wala na nani. Mimi mwenyewe nakaa mstari huo, na ufunguo wangu uko kwake ninapoandika haya.

Sasa, mfumo wetu ulitaka kila mtu abadilishe neno la siri kila mwezi, liwe na herufi kubwa, namba, na alama ambayo nusu ya makarani hawajui iko wapi kwenye kibodi. Ukikosea linakwama. Likikwama unapiga simu Lusaka, Lusaka wanawaandikia watu wa wingu, na watu wa wingu wanajibu wakipenda. Mimi niliweza kufunga jina zima au kulifungua, lakini kufufua neno lililokwama sikupewa. Mama peke yake hakuwahi kukwama. Basi kila aliyekwama alimwendea, akapewa jina lake na neno lake, akaingia, kazi ikaendelea. Kwake ilikuwa funguo zile zile.

Nilimuuliza kama anajua ni kosa.

"Kosa ni kumuacha mutu inje na samaki zake zinaoza," akasema. "Nimuambie nini? Angoje mupaka watu ya Lusaka walale na waamke?"

Nilikuwa nataka kulimaliza jambo hili polepole, kwa siri, kati yetu. Lakini mfumo ambao niliuweka mwenyewe ulikuwa na tabia ya kumpelekea shefu onyo kabla mimi sijamaliza kuelewa. Simu ikalia. Shefu anazungumza Kibemba na Kiingereza, Kiswahili anakijua cha bei ya samaki, lakini siku hiyo hakuhitaji maneno mengi. Jina la yule mama limeuzwa, alisema. Kuna mwizi Lusaka anaingia kwa jina lake. Ijumaa saa sita mchana nilifunge, na yeye mwenyewe asirudi.

"Awe, mukwai," nikamkatalia kwa Kibemba cha heshima, "hapa watu wanaazimana jina. Hakuna kilichouzwa."

"Basi nipe walioazima. Wakiandika kwamba ni wao, mama anabaki."

Maandishi yangu yanaonyesha jina, hayaonyeshi vidole. Nikawapigia. Karani wa Mununga akasema ni mara moja tu, tena mvua ilikuwa inanyesha, kama kwamba mvua ndiyo ilibonyeza. Wa Chienge akasema wengine wakitangulia, na yeye atafuata. Mhasibu wetu hapa hapa ofisini akaniuliza kama nimekula. Nilikasirika, sifichi. Watu wazima, wana mihuri na mashati ya kupigwa pasi, hakuna hata mmoja aliyeweza kuandika mstari mmoja kumwokoa mtu aliyewaokoa kila mwezi.

Nikamrudia mama mwenyewe. Nikamwomba ataje, nitaandika mimi, atasaini tu.

"Fundi, mutu akikuachia ufunguo, wewe unaenda kutangaza mu barabara?"

"Watakufukuza, mama. Watoto watakula nini?"

"Najua watoto wanakulaka nini. Ni mimi napikaka."

Nikamuuliza basi juu ya yule wa Lusaka peke yake. Huyo si jirani, huyo ni mwizi, huyo atajwe. Mama aliendelea kupangusa mizani kwa kitambaa, sehemu ambayo ilikuwa safi tayari.

Ijumaa saa sita nililifunga jina lake. Ni kazi ya kubonyeza mara mbili. Alichukua mkoba wake na mto aliokuwa anakalia, akatuambia, "Mubakie muzuri," akaondoka kwa miguu kuelekea upande wa ziwa. Nilijisikia vibaya kama mtu aliyekanyaga sahani ya mwenzake. Mhasibu alifungua faili moja, akalifunga.

Lori likaja baada ya chakula. Samaki wakapimwa, karani mpya wa muda akakaa mbele ya mashine, akaandika jina la mama, kwa sababu hilo ndilo jina ambalo kila mtu alilijua. Mashine ikakataa. Akajaribu lake mwenyewe, likakwama. Mhasibu akajaribu lake, likakwama. Mununga wakapiga simu: wamekataliwa. Chienge hawakupiga, lakini ukurasa wangu ulionyesha wanajaribu na kujaribu. Dereva alikuwa amesimama mlangoni akitazama maji ya barafu yanavyotoka chini ya lori na kwenda zake barabarani.

Halafu shefu akapiga. Simu yangu sehemu ya sikio ilikufa zamani, naongea kwa kipaza sauti siku zote, kwa hiyo wote walimsikia.

"Nataka hesabu ya wiki na mfumo umenikataa," akasema.

"Unaingia kwa jina gani, shefu?"

Mhasibu aliinua macho.

"Fungua tu," akasema.

"Nifungue jina gani?"

"Unalijua."

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kwa amri yake mwenye jina amefukuzwa, na jina la mtu aliyefukuzwa halifunguliwi mpaka mwenyewe arudi kazini, na kwamba kumrudisha si kazi ya fundi. Akaniambia nimpigie. Nikaunganisha simu mbili, nikaiweka yangu juu ya mizani, katikati ya watu.

"Mama, ni mimi wa Lusaka. Rudi kazini leo."

"Bon, sawa," akasema mama. Nyuma yake mtu alikuwa anapiga maji, nadhani alikuwa anafua. "Nilifukuzwa juu ya nini, shefu?"

"Kulikuwa na mtu Lusaka anaingia kwa jina lako."

"Na sasa munajua ni nani?"

Dereva akaenda kuzima redio ya lori.

"Ni mimi," akasema shefu.

"Najua ni wewe. Ulinipigia, ukasema yako imekatala, nikakupatia yangu." Alisema bila kupandisha sauti. "Wakati ulikuwa unanifukuza, nilifikiri pengine umesahau. Sikutaka kukupatisha haya mbele ya batu yako."

Nikatazama nje. Mhasibu ndiye aliyeisogelea simu, akainama, akasema, "Na mimi, mama. Nisamehe." Karani wa muda akasema ni yeye pia, ingawa ndio kwanza alikuwa ameanza kazi siku hiyo.

"Fundi," akasema mama, "fungula jina. Nakuja."

Nikalifungua. Kutoka kwake mpaka ofisini si mbali, lakini hakuwa hata amefika getini nilipotazama ukurasa wangu, na ukurasa ulionyesha kwamba mama amekwisha kuingia, kutoka Lusaka.