Yahaya na Misalaba ya Peni

Cherehani yangu na skana ya Yahaya zinakaa fremu moja hapa Tunduma, na kama kuna mtu namjua kwa ubishi, ni yeye. Alikuja kutoka Kondoa na begi moja, apige picha za pasipoti. Siku hizi kazi yake kubwa ni kuingiza picha za zamani kwenye kompyuta. Ukimletea picha iliyoliwa na mende anachangamka kama kaletewa pilau.

Ana taratibu zake. Kila picha anaiskani kwanza vile ilivyokuja, madoa na yote, ndipo aisafishe. Akishamaliza, ile ya kwanza anaitupa kwenye pipa la taka la kompyuta, na jioni analimwaga, eti inajaza diski. Nilimwambia, "Yahaya, usiache mbachao kwa msala upitao." Akaniambia, "Jenista, wewe shona."

Mwezi wa pili akaja Bibi Gwantwa kutoka Ileje. Alikuwa na picha ya harusi yake ya mwaka sabini na nne, pale Mbozi Mission: watu wazima kumi na wawili mbele ya kanisa. Alitaka nakala za wajukuu kabla haijafifia yote. Akaiacha, akaenda sokoni.

Aliporudi, Yahaya meno yote nje. "Bibi, watoto walikuwa wameichorachora peni juu ya vichwa. Nimepitisha pamba yenye spiriti, angalia ilivyotakata!"

Mimi nilikuwa nimeinamia gauni, sikuona. Ningeona ningemrukia! Huku kwetu mtu wa kwenye picha akifariki, anawekewa msalaba mdogo wa peni juu ya kichwa. Yahaya hakujua, na kuuliza hakuuliza. Jamani, huyu mwanaume!

Bibi aliigeuza picha, akaigeuza tena. Akakaa kwenye kiti changu, juu ya vitambaa vya watu.

"Mume wangu hakusoma," akasema. "Hata jina lake hakujua kuliandika. Lakini kila tukitoka kuzika, aliomba peni kwa watoto, akaweka msalaba mwenyewe. Huo ndio mwandiko wake, baba. Sina mwingine."

Nilimwonea Yahaya huruma na hasira kwa mpigo. Akajitupa kwenye kompyuta. Ile skani ya kwanza alishaitupa.

"Pipa umelimwaga?" nikamuuliza.

"Sijui. Jenista, sijui!"

Ilikuwa saa tisa mchana. Akafungua pipa. Ikatokea pasipoti, ikatokea cheti cha mtu, ikatokea mbuzi wa mtu. Halafu Mbozi Mission ikajaa kioo kizima, na misalaba kumi na moja juu ya vichwa. Nilipiga kigelegele, wapita njia wakachungulia.

Bibi alisogea, akawa anaigusa mmoja mmoja kwa kidole, anataja majina. Alipofika kwa bwana harusi akacheka kidogo. "Huu nilichora mimi. Umepinda."

Yahaya alimchapishia kubwa, na nakala za wajukuu, akaomba radhi mpaka bibi akamwambia basi. Bibi akaitazama ile kubwa. Mtu pekee asiye na msalaba alikuwa bibi harusi.

"Wajukuu zangu wako Dar," akasema. "Mambo haya hawayajui. Wewe sasa unayajua. Siku yangu ikifika, mwanangu Rubeni atakuletea hii, unichoree. Kwa peni, siyo kwa kompyuta."

Macho ya Yahaya yakajaa machozi. "Bibi, mkono wangu mbaya."

"Hata wangu ulipinda," akasema, akamchagulia peni ya bluu kutoka kwenye kopo la Yahaya mwenyewe.

Peni hiyo iko kwenye droo mpaka leo. Jana nimeichukua niandikie vipimo vya kiuno cha mteja, kidogo Yahaya anipige!