Viatu Mlangoni pa Kanisa

Juzi kliniki, kwenye foleni ya kupima watoto uzito, msichana wa sekondari mwenye mtandio mweupe alikuwa akimsimulia mama yake ziara ya darasa lao.

"Ijumaa mwalimu alitupeleka msikitini, Jumapili kanisani. Sisi Waislamu tukavua viatu mlangoni pa kanisa, si tumezoea? Watu wakacheka! Basi bibi mmoja, yule muuza tumbaku wa sokoni, akasimama akavua vyake pia. Akatuambia, 'Njooni mkae na mimi, wajukuu zangu.'"

Wajukuu! Nikambana mtoto wangu mpaka akalia. Huyo muuza tumbaku ni mama yangu. Tangu nisilimu nikaolewa hajaitikia salamu yangu, mjukuu wake huyu hajamgusa, na mimi naogopa hata kupita mbele ya meza yake. Wivu ukanichoma, tena wivu wa kumwonea mtoto wa shule, aibu kabisa, lakini nikauliza, "Akawaambia nini tena, dada?"

"Akatuuliza kama tumekula."

Walimu wanasema ziara hizi zinafundisha watu kupokeana. Ni kweli, wasomaji wangu. Ila wazee wengine wameona ni rahisi kuanza na watoto wa wenzao.