Zamu ya Ishirini na Tatu

Katika maktaba yetu ya filamu kule Rhonda, mtaa wa Nakuru, huazimi filamu kwa sababu unaitaka. Unaiazima kwa sababu zamu yako imefika. Maktaba yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya fundi wa nguo, na DVD zimepangwa kwenye rafu ya mikate iliyotoka kwa duka lililofungwa. Zote ni hadithi za wanawake. Nyingine tulipewa, nyingine tulirekodi wenyewe, mama mmoja mmoja akiketi mbele ya kamera na kueleza maisha yake. Walioanzisha ni akina mama wa chama cha kuchangiana pesa, na mtu wa chama anajua njia moja tu ya kugawana kitu: mzunguko. Wiki mbili kila mwanachama, kufuata orodha. Uwe na televisheni au usiwe nayo, zamu ni zamu.

Sheria hiyo aliitunga mama yangu, aliyekuwa mwenyekiti. Nilimcheka. Nilimuuliza mtu asiye na stima atafanya nini na DVD.

"Atakuwa nayo," akasema.

Yeye alirekodiwa Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa ameniomba niketi kando yake, maana kamera ilimtia woga, nami nikamwambia nitakuja. Sikuenda. Sababu niliyompa baadaye ilikuwa kazi. Ukweli ni kwamba niliona hayo ni mambo ya wazee, nikaenda saluni kusuka. Hakunilaumu wala hakugusia jambo hilo tena, na miezi miwili baadaye presha ikamchukua. Tangu tumzike nilitaka kitu kimoja tu: kuiona filamu ile, nijue alisema nini kunihusu.

DVD ilikuwa moja. Mpiga picha alikuwa ameshafuta yake, na katibu wa chama hakutaka kusikia habari ya kutoa nyingine.

"Nakala ni ya kitambulisho," alisema. "Huyu ni mtu."

Mimi nilikuwa namba ishirini na tatu. Filamu ilikuwa kwa namba kumi. Nilimwendea katibu, ambaye kwenye mazishi alilia kunishinda, nikamwambia huyu ni mama yangu mzazi.

"Pole sana, mami," akasema, akinishika mkono. "Ni mama yako, lakini filamu ni ya chama. Na si yeye mwenyewe alisema hakuna kuruka laini? Unataka tumkosee na hata mwaka haujaisha?"

Nilikasirika mpaka nikasahau mwavuli wangu huko.

Namba kumi alikuwa mama mmoja mkulima wa kule Bahati, nje ya mji. Nilimfuata hadi kwake, nikiwa na mkate na maziwa, nimwombe tuitazame pamoja. Hakuwa na stima. DVD aliiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, kati ya thamosi ya wageni na picha ya harusi yake. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya pasipoti ya mama.

"Umeiona?" nikamuuliza.

"Kila siku," akasema. "Mama yako ametokea vizuri sana. Na hana kelele."

Nikamsihi aniachie niende nayo mjini, niirudishe jioni.

"Na nikiulizwa iko wapi?"

Basi tukanywa chai, sisi wawili, tukilitazama kabati.

Kutoka hapo filamu ilienda kwa namba kumi na moja, mwenye hoteli huko Salgaa, nayo haikurudi. Wiki mbili zikapita, mwezi, miezi mitatu. Katibu alipopiga simu aliambiwa kwamba wateja wamekataa iondoke. Kamati ikaketi, ikaamua atumwe mjumbe. Ilikuwa msimu wa kupanda na kila mtu alikuwa na shamba lake, kwa hivyo nikajitolea. Walikubali kwa sharti moja: niilete bila kuitazama, kwa kuwa si zamu yangu. Katibu aliandika hivyo kwenye kitabu cha mikutano. Mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikatia sahihi.

Nilifika Salgaa saa saba mchana. Hoteli ilikuwa imejaa madereva wa malori, ugali na matumbo mbele yao, macho yote kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani. Na kwenye televisheni, mama yangu, na gauni lake la kijani la kanisani. Nikasimama palepale.

"Madam, toka kwa screen!" mtu akanipigia kelele.

Nikaketi. Sahihi yangu ikabaki huko Rhonda.

Mama alikuwa anaeleza jinsi walivyohamia Nakuru na sufuria mbili na mbuzi mgonjwa. Sauti ilikuwa ile ile. Kando yake kulikuwa na kiti cha plastiki kitupu, na mbele yake stuli yenye vikombe viwili vya chai. Mara kitu kikasikika nje, akanyamaza, akatazama mlangoni.

"Ngoja kidogo, usizime," akamwambia mpiga picha. "Anakuja."

"ANAKUJA!" hoteli nzima ikajibu, midomo imejaa ugali, wakipiga meza na kucheka. Mwenye hoteli pia, na mwiko mkononi. Mama akaendelea. Baada ya muda akageuka tena, akasema anakuja, nao wakaitikia tena. Hawakuwa wakimdharau. Walimpenda, na nilitaka kuwapiga wote.

Walibishana hata kuhusu mwenye kile kiti kitupu. Mmoja alisema ni mume, mwingine ni askofu, wa tatu akaapa ni serikali.

Hakunitaja jina hata mara moja. Alipofika mahali nilipozaliwa, alitazama mlango, akatabasamu kidogo. "Hiyo tuiwache," akasema. "Tutaieleza pamoja akifika." Akaruka miaka kadhaa. Mwishoni alikunywa chai yake, kisha akafunika kikombe cha pili kwa kisahani, chai isipoe, na picha ikakatika.

Nililia vibaya, kamasi na yote. Dereva aliyeketi karibu nami akanisogezea tishu.

"Pole, madam. First time hata mimi nililia."

"Alikuja," nikamwambia. "Alichelewa, lakini alikuja."

Akanitazama kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Wewe ni mgeni hapa. Mimi nimeona hii kitu mara tisa," akasema. "Huyo huwa haji."