Pikseli Mia Saba Sitini za Bata

Naweka dau: kuku mzima wa kuchoma na kikapu cha wali wa kunata, kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayeamini mtu anaweza kuuawa na mstari uliokatwa vibaya. Wekeni na nyie. Mimi huwa siliwi.

Jina la mwenzangu la kwenye karatasi ni Prachuap, ila mama yake alimwita Bata tangu mchanga, na miguu ikaja kukubaliana na jina. Mji mzima wa Ubon, hapa Thailand, ukamjua hivyo. Sote wawili tulifanya kazi kwa Mama Prayong, muuza dawa za miti shamba. Mimi niliacha shule darasa la sita nikaja kupanga chupa, na mwaka haujaisha nikawa naponya kompyuta za mtaa mzima, za waliosoma zikiwemo. Bata kazi yake ilikuwa tovuti ya duka.

Sasa Kithai hatuachi nafasi kati ya neno na neno. Tunaandika mfululizo, msomaji ndiye anajua neno linaishia wapi. Kompyuta nyingi za wakati ule hazikujua. Zikifika ukingoni zinakata popote, kama mlevi mwenye panga. Ndiyo maana Bata alifunga kila ukurasa kwa upana mmoja, pikseli mia saba sitini, halafu akakata kila mstari kwa mkono wake. Anasoma kwa sauti, anakata, anasoma tena. Onyo la dawa moja tu lilimlia asubuhi nzima. Nilimcheka mpaka nikachoka.

Halafu simu za kufungulia tovuti zikazagaa, na ukurasa wa Bata haukuenea kwenye kioo cha simu.

"Bata, wateja wananisema," Mama Prayong akaanza. "Eti kusoma tovuti yetu ni kama kumchungulia jirani kwenye tundu la kitasa."

"Wavute pembeni na kidole, mama. Maneno yapo yote."

"Fanya ukurasa wa kuvutika, kaka," nikadakia. "Kwenye skrini kubwa unatanuka, kwenye simu unajikunja. Wewe unashona suruali saizi moja kwa mji mzima!"

"Na mistari nani ataikata, Mot? Simu?"

"Simu ina akili kukuzidi. Na haitembei kama wewe."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Bata hakucheka. "Neno likikatika vibaya kwenye ukurasa wangu, aliyelikata ni mimi," akasema. "Niacheni na upana wangu."

Alipotoka, Mama akanivuta pembeni. "Una uhakika, Mot?"

"Mama, mimi tena?"

Bata akaenda kijijini kwao wiki moja kuvuna mpunga. Kazi aliyoifanya miaka minne niliimaliza mchana mmoja: nikaufungua upana, nikafuta mikato yake yote. Nikafungua kwenye skrini ya duka, ukurasa ukajaa ukuta kwa ukuta. Nikajipigia makofi. Bata aliporudi alikuta oda zimepanda. Alisimama mbele ya ile skrini muda mrefu, halafu akavua kofia yake ya shamba akakaa. 

Mwezi wa pili baada ya hapo akaja mwanamke kutoka Yasothon, mkoa wa jirani, amevaa nguo nyeusi, na simu ameifunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Hii ni ya marehemu baba," akasema. "Macho yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo alikuza maandishi. Someni alichosoma."

Kwetu neno la kupumua linaanza na neno la kupona. Ukilikata katikati, kipande cha kwanza ni kupona, basi. Bata alikuwa ameandika: ukinywa dawa hii na kupumua kukawa shida, acha mara moja, nenda hospitali. Kwenye kioo cha simu ile mstari ulikatika palepale, na kioo kikaishia hapo: ukinywa dawa hii utapona. Yaliyobaki yalikuwa chini, mpaka usukume kwa kidole.

"Kifua kikabana," yule mwanamke akasema. "Baba akasema dawa hiyo, inafanya kazi. Akaongeza kikombe."

Mama Prayong alikuwa ameshika chupa, akashindwa kuiweka chini. "Nani aliutengeneza ukurasa huu?"

Bata akaichukua simu kwa mikono miwili. Akasukuma juu, akasukuma chini, akasoma kwa sauti ile yake ya zamani, polepole. Akaniangalia. Mimi nikageukia rafu, nikaanza kupanga chupa.

"Ni wangu, mama," Bata akasema.

Akapiga magoti mbele ya yule mwanamke, akainamisha kichwa mpaka mikono ikagusa sakafu. Mama alijua aliyeufungua ukurasa ni mimi. Aliniangalia mimi, akaangalia chupa, halafu akasema, "Basi, Bata. Kesho usije."

Na mimi nikabaki. Mama hakucheka utani wangu tena, na mimi sikumpa sababu.

Bata hajagusa kompyuta tangu siku ile. Anaandika majina ya marehemu kwenye vibao vinavyobandikwa ukutani pale hekaluni, mahali majivu yanawekwa. Nilimfuata baada ya mwaka. Nilijiandalia utani njia nzima. Alikuwa anapima kibao kwa rula.

"Hiki kina sentimita ishirini, Mot. Leo ishirini, kesho ishirini."

"Kaka, pale dukani ungesema ni mimi..."

"Niliuona ukurasa niliporudi. Nikanyamaza. Kwa hiyo ni wangu." Akachovya brashi. "Nakuuliza moja tu. Ulipofuta mikato yangu, uliusoma kwenye simu kabla ya kuuachia?"

"Niliusoma, kaka."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na herufi zake.

Sikuusoma. Hapo nilikosea.