Cheti cha Bomba, Cheti cha Waya

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha Wajerumani ufukweni karibu na Mwaya, sikupewa spana. Nilipewa karatasi yenye mhuri. Bwana Fundi, Mjerumani aliyesimamia mabomba na simu, alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Hiki cheti cha bomba. Waya ukigusa, hamsa ishirini." Yaani viboko ishirini na tano. Nilikwisha kuona mgongo wa mtu aliyevipata, kwa hiyo nilielewa.

Kazi yangu ilikuwa pampu ya kisima: kubadili ngozi za ndani, kukaza maungio, kung'oa mabomba yaliyoliwa na kutu. Waya zilikuwa za Asegelile, mtu wa Makwale aliyeoa kwa Wakisi. Simu ya siku hizo ilikuwa ya kugonga, si ya kusema, na waya yake ilivuta radi. Ndiyo maana ilikuwapo waya nyingine ya kuipeleka radi ardhini, nayo ilifungwa kwa kibano kwenye bomba langu, kwa kuwa bomba lilishuka hadi majini. Hapo vyeti vyetu viligongana. Kibano chake, bomba langu.

Masika moja bomba lilitoboka. Asegelile alifungua kibano, nami nikaanza kuweka bomba jipya, lililopakwa rangi. Kabla sijamaliza akatumwa milimani, ambako waya ilikuwa imekatika. Ile ya ardhini ikabaki inaning'inia. Nikamwendea Bwana Fundi.

"Bwana, nikifunge kibano?"

"Cheti chako kinasema nini?"

"Bomba, Bwana."

"Basi ngoja."

Nikangoja siku mbili. Asegelile aliporudi, ilikuwa mchana, na wingu lilikwisha kufunika milima ya Ukinga.

"Mbona hujafunga, mwenzangu?"

"Sina cheti."

Alilitazama bomba. "Juu ya rangi hakitashika vizuri, radi haitapita. Wewe kwangua, mimi nishike waya."

Kukwangua bomba kwa ajili ya waya kulikuwa kazi ya cheti kipi? Niliogopa. "Ngoja nikaulize," nikasema.

Bwana Fundi alitafuta kalamu, akaandika ruhusa, akaupuliza wino ukauke. Ndipo tukasikia mlio wa radi. Nilipofika kisimani, Asegelile alikuwa amelala chali, waya mkononi. Alikuwa ameanza bila mimi. Radi ilipiga nguzo za mbali, ikamfuata kwa njia ya waya.

Daftarini iliandikwa kwamba marehemu alikiuka utaratibu. Juma lililofuata nilipewa cheti cha waya, kwa kuwa nafasi ilikuwa wazi. Nilikipokea.

Mjane wake alikuwa mfinyanzi. Alinikaribisha uani, mikono imejaa udongo, nikamweleza yote.

"Kukwangua ile rangi kungechukua muda gani?"

"Mfupi, mama."

"Mfupi kiasi gani?"

"Kama wa kumenya ndizi."

"Ndaga," akasema, ndiyo ahsante ya kwetu, akakirudia chungu chake. Hakunisalimu tena.

Wajerumani waliondoka, nikafanya kazi chini ya Waingereza hadi nilipostaafu. Ninyi mnaosomea ufundi mnaniuliza kama sheria zile zilikuwa mbaya. Asiyejua waya asiiguse. Hilo ni jema hata leo. Lakini mimi nilijua. Nilimwona Asegelile akikifunga kibano kile mara nyingi. Miaka yote hii nimempa Mjerumani lawama, naye anaistahili. Ila kila nikimaliza kumpa, inabaki nyingine, nami sina wa kumpa.