Nilifunga Siku Tatu Kupinga Safari ya Bhavani

Mwezi wa pili mwaka huu nilifunga siku tatu. Bila chai. Mimi, ambaye kabla ya chai siwezi hata kufunga viatu.

Nilikuwa naomba safari moja ya India ikwame. Na sikuomba peke yangu, niliomba na wanawake kumi na wawili.

Akina mama wenzangu, someni hii polepole. Hasa nyinyi mnaopangusa meza za watoto wenu huku macho yakisoma.

Naishi Langley Park, Marekani, na binti yangu Chepngetich, miaka ishirini, yuko chuo. Kazi yangu ni kumtunza mama mmoja mzee Mhindi huko Takoma Park, Mama Kamala. Miguu yake imekataa. Namwosha, namlisha, namwinua. Kila asubuhi ananionyesha picha ya mto, nami namwambia "nice, nice", naendelea kumchana nywele. Mwanawe ni daktari, kwa hivyo namwita Dokta, basi.

Jumamosi hiyo Chep hayuko, nikaingia chumbani kwake kufagia. Juu ya meza, karatasi mbili.

Kilichonishtua kwanza ni Kiswahili. Huyu mtoto nikimwambia "habari ya asubuhi" ananijibu "hey".

Niliishia shule ya msingi, lakini kusoma nasoma.

"Bhavani ni mji mdogo kusini ya India. Mito miwili inakutana hapo, na watu wanashuka ngazi za mawe kuoga. Wanafuma mazulia ya mistari kwa mikono. Asubuhi wanakula idli, kama keki ndogo nyeupe za mchele. Pilipili ni nyingi lakini unaweza kuomba wapunguze. Kanisa iko. Hospitali iko. Chumba ni ya chini, vitanda viwili."

Vitanda viwili.

Nikakaa sakafuni na fagio langu.

Karatasi haikusema nani anaenda. Hapo nikajaza mwenyewe. Kwa sababu wiki mbili nzima simu ya Chep ilikuwa inalia, jina Raghu, naye anatoka nje kwenye baridi kuongea.

Nikaunganisha: mtoto wangu anaolewa India, na ameniandikia huo mji ili nisizimie.

Najua, nyinyi mmeshaelewa. Mimi bado.

Mama wa kawaida angeuliza. Mimi kwanza nilizificha pasipoti zetu zote mbili, halafu nikatuma voice note ya dakika saba kwenye grupu ya maombi.

Mama Gitau, kiongozi wetu, alijibu kabla sijamaliza kulia.

"Mama Chep, hiyo safari haiendi mahali. Tunafunga. Tunaomba pasipoti ipotee, na huyo Raghu asahau hata mlango wenu."

"Na huo mto?" nikauliza.

"Na mto tutaukemea."

Jumatatu jioni wakaja kwangu kufungua mfungo, na chapati. Chep akarudi akakuta viatu vimejaa mlangoni.

"Mom, who died?"

"Kaa chini, mwanangu," Mama Gitau akasema. "Raghu ni nani?"

Chep akaniangalia mimi. "Raghu? Mom, that's your boss."

Hakuna aliyetafuna.

"Dokta?" nikasema.

"Dokta ana jina. Umefanya kazi kwake miaka minne."

Halafu akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, ili mashangazi wote wasikie. Mama Kamala kwao ni Bhavani. Dada yake bado yuko huko, na wote wawili wamezeeka. Anataka kwenda wakaonane, labda mara ya mwisho, lakini amekataa kuinuliwa na mtu mwingine isipokuwa mimi. Dokta alikuwa amejaribu kuniambia mara mbili. Akitaja ndege tu, nasema "no, thank you" na kukimbilia jikoni, ndiyo maana akaanza kumpigia Chep.

"Wewe Mama ukisikia kitu kipya unasema hapana, halafu ndio unauliza ni nini," Chep akasema. "Nilitaka ujue kila kitu kabla ya kuogopa. Nilikuwa nikupe leo."

"Na vitanda viwili?"

"Yako na ya Mama Kamala."

Mama Gitau akaweka chapati chini.

"Kwa hivyo hiyo pasipoti tuliyoombea ipotee..."

"Ni yangu," nikasema.

Na ilikuwa imepotea kweli. Nilikuwa nimeificha kwa hofu nyingi hata nikasahau wapi. Tukatafuta sisi wote kumi na wanne, chini ya magodoro, ndani ya mabuti. Mama Gitau ndiye aliyezipata zote mbili ndani ya debe la unga, akazipangusa kwa leso yake.

"Haya, enda," akasema. "Na ukifika, akina mama wengine uwaandikie hii habari, hakuna voice note."

Basi naandika. Niko Bhavani, ngazi ya juu kabisa. Mto ni uleule wa picha. Mama Kamala na dada yake wamekaa mbele yangu wameshikana mikono, na wanagombana tangu asubuhi. Pilipili haikupunguzwa.

Mama mwenzangu, ukikuta karatasi ya mtoto, muulize mtoto kabla ya kuita kanisa. Na mtu unayemwosha kila siku, muulize huo mto ni wa wapi.

Sasa hivi Chep amenitumia ujumbe: "Habari ya asubuhi Mama. Umelala vizuri?"

Nikamjibu, "Hey."