Mchele Mlangoni Kwangu

Hivi wewe, ukiamka siku tatu mfululizo ukakuta mchele mbichi umemwagwa mlangoni kwako, utamshuku nani?

Mimi nilimshuku Eulalie, jirani yangu hapa kijijini Matelot. Tangu tugombanie mshelisheli wa mpakani, salamu zangu haitikii.

Mchele wa uchawi haufagiliwi ovyo. Nikachuchumaa na bakuli la bati, nikaokota punje moja moja, hadi za kwenye nyufa, niende kuutupa wote baharini.

Siku ya tatu nikainua macho.

Dirishani kwa mwanangu, hatua kumi tu kutoka kwangu, pazia likacheza.

Renelle! Mke wa mwanangu!

Miezi mitatu tangu ajifungue, mjukuu sijawahi kumshika. Kila nikienda: "Amelala, Mama."

Mtoto gani analala huku analia? Lakini na mimi kiburi changu, sikuwahi kuomba.

Nikavuka uwanja na bakuli langu.

"We Renelle, huu mchele ni wako?"

Akarudi nyuma, mtoto kamkumbatia. "Umeokota wote?"

"Wote. Kwani vipi?"

"Basi ni wewe! Sukuyan! Usiku unavua ngozi, unaruka kama moto, unakuja kumnyonya damu mwanangu! Niliumwaga kukutega: sukuyan hapiti mchele bila kuuokota wote. Mtu wa kawaida hawezi kukaa chini kuokota mchele punje kwa punje!"

Tangu utotoni nasikia habari za masukuyan. Haikunijia hata siku moja kwamba ningekuwa mimi.

"Kanyonywa wapi?"

"Si unapajua!" Akavuta soksi. Juu ya kifundo, alama ya bluu imezunguka mguu mzima.

Nikavaa miwani. Ndani ya mikunjo ya nyama umezama uzi wa shanga nyekundu na nyeusi, zile za kukinga mizimu.

"Ulimfunga lini?"

"Alipozaliwa. Na sijaufungua, kwa ajili yako wewe!"

"Mguu umenenepa, mwanangu. Uzi haukunenepa. Lete mkasi."

Akaukata. Kisha akakaa sakafuni, akaangua kilio. "Nisamehe, Mama."

Wajukuu zangu mnaosoma, kabla hamjamwita mtu mchawi, kagueni kwanza mlichofunga kwa mikono yenu. Na mimi siko kando: Eulalie wa watu nilishamhukumu.

"Renelle," nikasema, "miezi mitatu naona haya kuomba. Nipe mtoto nimbebe."